Ukidakwa na polisi kwenye maandamano ya mkutano mkubwa Kanada: mwongozo kamili toka unatoka nyumbani mpaka unafutiwa rekodi

Huu mwongozo nimeuandika kwa ajili ya ndugu zetu wanaoongea Kiswahili walioko Kanada, wanafunzi, walioletwa na UN toka kambini, waliojilipua wakaomba ukimbizi hapahapa, wenye ukaaji wa kudumu na hata walioshakula kiapo cha uraia. Kila G7 au G20, yaani mikutano ya viongozi wa nchi zenye uchumi mkubwa, ikikaribia maswali ni yaleyale, niende au nisiende, wakinishika itakuwaje, makaratasi yangu yataharibika? Na majibu yanayozunguka mengi ni ya kutishana tu, mengine ya kujipa moyo tu, na mtu anaenda barabarani hajui chochote.

Kitu cha kwanza cha kukielewa, na ukikielewa hiki mengine yote yanakaa sawa, ni kwamba kwenye mikutano hii polisi mara nyingi hawakushiki ili wakupeleke mahakamani. Wanakushika ili utoke barabarani mpaka viongozi wapande ndege zao. Kwa hiyo usijiandae na kesi kama unavyoiona kwenye tamthilia, jiandae na masaa ya kukaa lupango bila maelezo, na jiandae na karatasi watakazokupa ukiwa umechoka na una njaa na unataka tu kwenda kulala.

Darasa letu ni Toronto 2010. Mwaka ule Kanada ilikuwa na mikutano miwili mfululizo, G8 (ndio hii G7 ya leo, Urusi ilikuwa bado imo) kule Huntsville tarehe 25 na 26 Juni, alafu G20 katikati ya jiji la Toronto tarehe 26 na 27. Katikati ya mji pakazungushiwa uzio, polisi wakaletwa toka kila kona ya nchi. Jumamosi kulikuwa na maandamano makubwa ya amani, vyama vya wafanyakazi na watu wa kawaida, ila kikundi cha waliovaa nyeusi na kuficha nyuso kikachomoka, kikavunja vioo vya maduka na mabenki mitaa ya Queen na Yonge, na magari ya polisi yakachomwa moto. Waliovunja wengi wao walishabadilisha nguo na kutoweka. Walioshikwa ni waliobaki. Usiku uleule mtaa wa Esplanade, mbele ya hoteli ya Novotel, kundi lilizungukwa na zaidi ya watu mia mbili wakabebwa, wakiwemo wapita njia. Jumapili asubuhi polisi wakaingia kwenye gym ya Chuo Kikuu cha Toronto walikolala waandamanaji wengi waliotoka Quebec. Jioni yake wakazingira makutano ya Queen na Spadina, mvua kubwa inamwagika, masaa karibu manne, humo ndani kulikuwa na watu waliotoka kununua vitu dukani.

Jumla walishikwa zaidi ya 1,100, idadi kubwa kuliko zote kwenye historia ya Kanada mpaka siku hiyo, na wengi wao waliachiwa bila shtaka lolote. Walipelekwa kwenye studio ya zamani ya filamu barabara ya Eastern, iliyogeuzwa kituo cha mahabusu cha muda, vizimba vya waya, pingu za plastiki mikononi hata ukiwa ndani ya kizimba, vyoo havina milango, maji ya shida, na wengi walinyimwa simu ya wakili. Kila hatua hapa chini imetokana na yaliyowakuta wale watu, na sheria zilizokuja kubadilika baada yao.

HATUA YA 1: Jua makaratasi yako yanabeba hatari gani

Hii ndio hatua watu wanairuka na ndio muhimu kuliko zote kwetu sisi. Mzungu mzaliwa wa hapa akishikwa atalala ndani usiku mmoja, atatoka, maisha yanaendelea. Wewe una kitu kingine cha kupoteza.

Kama ni raia, huwezi kufukuzwa nchini kwa kosa la maandamano, basi. Ruka uende hatua ya 2.

Kama una ukaaji wa kudumu, sheria ya uhamiaji inaangalia vitu viwili, kama umetiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake ya juu kabisa ni miaka 10 au zaidi, au kama umehukumiwa kifungo cha zaidi ya miezi 6. Angalia vizuri hapo kwenye adhabu ya juu kabisa, yaani sio adhabu uliyopewa wewe ila ile iliyoandikwa kwenye sheria. Hakimu anaweza kukupiga faini ndogo tu na bado uhamiaji wakakuhesabu mhalifu mkubwa. Kuharibu mali ya zaidi ya dola 5,000 kunafika miaka 10. Kuficha uso kwenye ghasia, kwa sheria iliyopitishwa 2013, nako kunafika miaka 10, na ukificha uso kwenye mkusanyiko uliotangazwa haramu ni miaka 5. Kwa hiyo ile skafu ya kuficha sura ambayo kijana wa chuo anaiona fasheni, kwako inaweza kuwa tiketi ya ndege ya kurudi usikotaka kurudi.

Kama ni mwanafunzi, mfanyakazi wa vibali, mgeni au bado unasubiri kesi yako ya ukimbizi, kizingiti ni cha chini zaidi. Makosa mengi ya barabarani, kwa mfano kumzuia askari kufanya kazi yake, serikali inaweza kuyashtaki kwa njia ndogo au kubwa, na uhamiaji wao wanayahesabu yote kama yameshtakiwa kwa njia kubwa hata kama mahakamani yalikwenda kwa ile ndogo. Kutiwa hatiani mara moja kunatosha kukuharibia.

Ila shika na hili: KUSHIKWA sio KUTIWA HATIANI. Kuwekwa ndani masaa 20 na kuachiwa bila shtaka hakukuondolei ukaaji wako. Shtaka likifutwa, halikuondolei. Hakimu akikuachia kwa masharti bila kukutia hatiani, ambayo ni njia ya kawaida sana kwa makosa madogo, nayo haihesabiwi. Kinachoua watu ni kukubali kosa haraka haraka mahakamani ili yaishe, kwa sababu wakili wa zamu ana watu arobaini siku hiyo na hajui wewe sio raia. MWAMBIE. Neno la kwanza kwa wakili yeyote liwe hali yako ya uhamiaji, alafu ndio mengine. Na kama ombi lako la uraia liko njiani, jua kwamba shtaka kubwa likiwa bado liko mahakamani ombi linasimama mpaka liishe.

Sikwambii usiende. Haki ya kukusanyika kwa amani iko kwenye Mkataba wa Haki na Uhuru wa Kanada na inasema kila mtu, haisemi kila raia. Nakwambia uende unajua.

HATUA YA 2: Usiku wa kabla

Tafuta mtu mmoja asiyeenda maandamanoni. Mke, mume, rafiki wa chumbani, shangazi, yeyote anayepokea simu. Mwachie jina lako kamili lilivyo kwenye kitambulisho (sio jina la mtaani, polisi hawatalipata), tarehe ya kuzaliwa, dawa unazotumia, namba ya wakili, na mkubaliane saa ya kuanza kukutafuta. Kama una watoto, nani anawachukua shule kesho ukiwa hujarudi? Mwandikie huyo mtu ruhusa na uiambie shule mapema, daycare hawamtoi mtoto kwa mtu wasiyemjua hata kama ni dada yako wa damu.

Namba ya wakili iandike mkononi kwa maka peni isiyofutika, juu ya kiwiko ndani ya nguo ambapo jasho na mvua haviifikii. Simu watakunyang'anya mlangoni na nani siku hizi anakumbuka namba kichwani? Maandamano makubwa huwa na kikundi cha mawakili wa kujitolea wenye namba ya siku hiyo, huwa wanaigawa kwenye vikaratasi. Ukikosa, msaada wa kisheria wa jimbo una wakili wa zamu anayepokea simu za mahabusu masaa yote, na ni bure.

Simu yako: zima kufungua kwa uso na kwa kidole, weka paswedi ndefu. Mahakama Kuu ya Kanada 2014 ilisema polisi wanaweza kupekua simu ya mtu waliyemkamata bila hati ya mahakama, ila kwa masharti makali na kwa mambo yanayohusiana na ule ukamataji tu. Paswedi hulazimiki kuwapa. Kidole chako ni rahisi kukiweka juu ya kioo ukiwa umefungwa pingu. Bora zaidi nenda na simu ya zamani yenye laini tu, ile yenye picha za watoto na makaratasi ya uhamiaji iache nyumbani.

Dawa beba kwenye kopo lake la duka la dawa lenye jina lako, za siku mbili, manake vidonge vilivyofungwa kwenye mfuko wa nailoni vinachukuliwa kama dawa za kulevya na hutaviona tena. Vaa miwani badala ya lenzi za machoni, gesi ya machozi ikiingia kwenye lenzi utajuta. Nguo za tabaka tabaka, kule Toronto ilikuwa Juni na bado watu walitetemeka kwa baridi usiku kwa sababu walilowa mvua na sakafu ilikuwa ya zege. Kula ushibe kabla ya kutoka.

Usibebe kisu, hata kile kidogo cha kumenyea matunda. Usibebe kitu cha mtu mwingine usichokijua.

Kitambulisho je? Mawazo yanatofautiana. Kwangu mimi, kama sio raia beba kitambulisho kimoja cha kawaida, kadi ya jimbo au leseni, na pasipoti iache nyumbani. Wenye kitambulisho wanaachiwa mapema zaidi kuliko wasiojulikana, na mtu asiyejulikana ni nani ndiye anayeitiwa maafisa wa mpakani.

HATUA YA 3: Ukiwa barabarani

Kila ukifika mahali angalia njia mbili za kutokea. Ukiona askari wenye ngao wanajipanga mstari upande mmoja, na upande wa pili mabasi matupu yamepaki, ondoka, usisubiri kuona. Kuzingirwa kunatokea ndani ya dakika chache na ukishakuwa ndani maelezo yako kwamba ulikuwa unapita tu hayasikilizwi na askari wa mbele, yeye amepewa amri asimpitishe mtu. Kule Spadina watu waliomba kutoka, walilia, wakakataliwa.

Kama umezingirwa: usisukume, usikimbie, tafuta ukingo karibu na ukuta, omba kwa sauti ya kawaida kutoka na ukumbuke saa uliyoomba na namba ya askari uliyemwomba. Jipange na watu uwajue majina, mtakuwa mashahidi wa kila mmoja. Toronto askari wengi walivua vibandiko vya majina na makumi yao waliadhibiwa baadaye, kwa hiyo kama hakuna jina angalia namba ya kofia, rangi ya gari, chochote.

Kuhusu kukaguliwa begi. Ukiwa unatembea barabarani na hujakamatwa, unaweza kukataa kwa heshima. Mwaka 2010 kuna mtu alikataa kukaguliwa begi kuingia bustani ya Allan Gardens, polisi wakamkagua kwa nguvu, na miaka kumi baadaye mahakama ya rufaa ya Ontario ikasema hawakuwa na mamlaka hayo, akalipwa dola 500. Pesa ndogo, ila sasa ni hukumu inayotumika kwa wote. Kataa kwa mdomo tu, mikono ibaki chini, wakikagua kwa nguvu usishindane, sema sijakubali na uache.

Na usiamini kila sheria unayotangaziwa siku ya mkutano. Toronto watu waliambiwa polisi wanaweza kumkamata yeyote anayesogea ndani ya mita tano za uzio bila kujitambulisha, ikitumika sheria ya mwaka 1939 ya wakati wa vita iliyofufuliwa kimyakimya. Baada ya mkutano kuisha, mkuu wa polisi akakiri kwamba hiyo ya mita tano nje ya uzio haikuwepo kabisa. Mchunguzi wa malalamiko ya wananchi wa Ontario, André Marin, aliandika ripoti nzima kuhusu jambo hilo Desemba 2010 na hakuwaonea aibu. Lakini angalia hapa: hiyo haki utaithibitisha mahakamani baadaye, pale barabarani askari ndiye mwenye rungu. Tii amri ya kuondoka, bishana na karatasi kesho.

Wa Uingereza wasome hapa kwa makini kwa sababu kwao ni tofauti. London, Mei Mosi 2001, watu walizingirwa Oxford Circus karibu masaa 7, kesi ikafika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya na mwaka 2012 mahakama ikasema kwa mazingira ya siku ile hawakunyimwa uhuru wao kisheria. Usitegemee kushinda hiyo.

HATUA YA 4: Dakika ya kukamatwa

Uliza mambo mawili tu, je nimekamatwa au niko huru kuondoka, na kama nimekamatwa ni kwa kosa gani. Kifungu cha 10 cha Mkataba wa Haki kinawalazimu wakwambie sababu, wakwambie una haki ya wakili, na wakupe nafasi ya kumpata bila kuchelewa. Jifunze kabla hujatoka, kwa Kiingereza au Kifaransa kutegemea uko jimbo gani, sentensi tatu: nataka wakili, sitajibu maswali mpaka nimeongea na wakili, nahitaji mkalimani wa Kiswahili. Zirudie mpaka zitoke zenyewe ukiwa umelala kifudifudi kwenye lami. Ndugu wengi wanaongea Kiingereza kizuri tu cha kazini lakini kwa hofu kinapotea, hivo usione aibu kuomba mkalimani.

Jina lako na anwani wape ukishakamatwa. Haki ya kunyamaza unayo, ila mtu asiye na jina hatoki. Jina la uongo usithubutu, hilo ni kosa jipya umelizalisha mwenyewe. Zaidi ya hapo nyamaza. Nchi yako ya asili, ulikuja lini, nani alikualika maandamanoni, unaishi na nani, hayo yote sio ya kumjibu askari kwenye karandinga hata akiwa mpole na amekupa maji.

Sababu watakayokutajia mara nyingi ni kuvuruga amani. Kwa Kanada hilo peke yake sio kosa la kushtakiwa, ni mamlaka ya kukuondoa kwa muda tu na hatari ikiisha wanatakiwa wakuachie. Na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaongeza, kwenye kesi ya mtu aliyekamatwa Caledonia akiwa amebeba bendera tu, kwamba polisi hawana mamlaka ya kumkamata mtu ambaye hafanyi kosa lolote eti kwa sababu wengine wanaweza kumfanyia fujo. Hukumu hiyo waliokuwa Toronto 2010 hawakuwa nayo, wewe unayo.

Pingu za plastiki zinakaza. Zikifungwa kunja ngumi na utanue misuli ya mkono kidogo, ukiona vidole vinakufa ganzi sema mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kwa sauti ili wenzako wasikie.

HATUA YA 5: Kule ndani

Hapa ndipo panapovunja watu moyo, na ni kwa sababu hakuna anayekwambia chochote. Saa zinaenda, taa haizimwi, kila askari anasema subiri. Jua tu kwamba sheria ya jinai inataka upelekwe mbele ya hakimu bila kuchelewa na isizidi masaa 24 kama hakimu yupo. Toronto wapo waliozidi hapo. Kwa hiyo kumbuka saa uliyokamatwa, jiulize kila ukiamka, na mtajiane na wenzako.

Omba wakili kila askari mpya anapopita. Kila mara. Sio kumsumbua, ni kwamba kila ombi lililokataliwa ni ushahidi. Ukipewa simu ongea na wakili faragha, ukimaliza kuongea naye jua kwamba Kanada wakili hana haki ya kukaa nawe chumbani unapohojiwa, sio kama Marekani. Mahakama Kuu iliamua hivyo mwaka huohuo wa 2010. Wakishakupa simu yako moja wanaweza kuendelea kukuhoji masaa na masaa na wewe kazi yako ni kurudia kwamba hutaongea.

Usihadithiane yaliyotokea na watu wa kizimbani. Sio kwamba ni wabaya, ila kunaweza kuwa na askari aliyevaa kiraia au kamera yenye kinasa sauti. Ongeeni habari za mpira, za nyumbani, imbeni, salini, kule Eastern watu waliimba na inasaidia sana.

Kuvuliwa nguo zote ili kupekuliwa sio jambo la kawaida ambalo wanaruhusiwa kumfanyia kila anayeingia. Mahakama Kuu ilisema 2001 lazima kuwe na sababu ya msingi kwa mtu huyo, faragha, na askari wa jinsia yako. Dada zangu, na hasa mnaovaa hijabu, ombeni askari wa kike na chumba cha pembeni, na wakikataa mseme wazi kwamba hamjaridhia. Alama za vidole na picha wanaruhusiwa kuchukua kwa mtu anayeshtakiwa kwa kosa kubwa. Wakisema ni kuvuruga amani tu, hawana sababu ya vidole vyako, uliza.

Kama unasumbuliwa na sukari, presha, pumu au una mimba, sema ulipoingia, usisubiri uanguke.

Ubalozi: kama wewe ni Mkenya, Mtanzania, Mkongo au wa nchi yoyote nyingine, mkataba wa Vienna unakupa haki ya ubalozi wako kujulishwa, na unatakiwa uulizwe. Lakini kama wewe ni mkimbizi au umeomba ukimbizi, KATAA. Huwezi kuikimbia serikali alafu ukaiita ikutoe ndani, na hiyo taarifa inaweza kutumika dhidi ya kesi yako. Akija afisa wa mpakani kukuuliza maswali, jibu ni lilelile, wakili kwanza.

HATUA YA 6: Unatoka na nini mkononi

Ukiachiwa bila karatasi, uliza kwa nini na uombe iandikwe, mara nyingi watakataa, sio kitu, andika mwenyewe saa.

Ukipewa karatasi ya kusaini, hapo simama. Ni saa kumi alfajiri, unataka kwenda nyumbani, utasaini hata mkataba wa kuuza figo. Soma, au omba usomewe kwa Kiswahili kwa simu. Masharti ya kawaida ni kutoshiriki maandamano, kutofika mtaa fulani, kutokuwasiliana na watu fulani. Ukiyakiuka ni kosa jipya la jinai, hata kama lile la kwanza litafutwa. Sharti kama la kutokaribia mtaa ambao ndio kazini kwako lisemee pale pale, askari anaweza kulibadilisha, ukingoja kesho yake itabidi uende kwa hakimu. Tarehe ya mahakama na tarehe ya kwenda kupigwa alama za vidole piga picha na umtumie yule mtu wako wa nyumbani, kukosa kwenda ni kosa jingine.

Ukipelekwa kwa hakimu kwa ajili ya dhamana, mdhamini kwa kawaida haweki pesa mezani, anaahidi kiasi. Awe raia au mwenye ukaaji wa kudumu, anayejulikana, asiye na kesi. Wazee wa kanisa na wa msikiti wanafaa sana, wapigie mapema. Usimlipe mtu akudhamini, ni haramu kisheria.

Kwa walio Ulaya, masaa ni tofauti na hapa. Ujerumani katiba yao inasema polisi kwa mamlaka yao wenyewe hawawezi kumshika mtu kupita mwisho wa siku inayofuata, baada ya hapo ni hakimu. Lakini hakimu anaweza kuongeza, na 2007 kabla ya G8 ya Heiligendamm vijana wawili walikaa siku tano na nusu kwa sababu ya mabango yaliyodai wafungwa waachiwe. Mahakama ya Ulaya ikawapa ushindi 2011, euro 3,000 kila mmoja. Denmaki wakati wa mkutano wa tabianchi wa Copenhagen, tarehe 12 Desemba 2009, walishikwa watu 968 kwa siku moja kwa kuzuia tu yasiyotokea, wakakalishwa mistari kwenye lami ya baridi kali mikono imefungwa nyuma, chini ya sheria iliyokuwa imetoka kuongeza muda mpaka masaa 12. Mahakama zao zikasema ule ukamataji ulikuwa kinyume cha sheria. Ila ilikuwa baadaye, kama kawaida.

HATUA YA 7: Siku mbili za kwanza nyumbani

Usilale kabla hujaandika. Najua umechoka. Andika kwa Kiswahili, andika kilugha chako, rekodi sauti, ila toa yote: saa, mtaa, nguo za askari, nani alisema nini, uliomba maji mara ngapi, ulikula nini, nani alikuwa pembeni. Kumbukumbu ya baada ya wiki mbili haina nguvu ya ile ya leo.

Piga picha alama za pingu na michubuko, leo na kesho na keshokutwa kwa sababu michubuko inakuwa dhahiri zaidi baadaye. Nenda kwa daktari, kadi ya afya inatosha, na mwambie imetokana na nini ili iandikwe kwenye faili. Kufa ganzi kwa vidole gumba baada ya pingu ni jeraha la mishipa ya fahamu, usilidharau.

Usiposti. Hii ni ngumu kwa vijana najua, ila video yako ya TikTok ya kujieleza ndio itasomwa mahakamani. Mpe wakili kwanza.

HATUA YA 8: Malalamiko, fidia na kufuta rekodi

Ontario malalamiko dhidi ya polisi yanapelekwa LECA, ambayo mpaka 2024 iliitwa OIPRD, na uyapeleke ndani ya miezi 6. Hulazimiki kuwa raia. Ndio hao waliotoa ripoti ya 2012 iliyosema wazi kwamba kuzingira kule kulikiuka haki za watu, na kamanda aliyetoa amri, Mark Fenton, akatiwa hatiani kwa makosa ya kinidhamu mwaka 2015. Kama aliyekushika ni RCMP, yaani polisi wa shirikisho, malalamiko yana njia yake nyingine, uliza wakili.

Kudai fidia mahakamani Ontario una miaka 2. Kesi ya pamoja ya Toronto ilichukua miaka kumi, ikaisha Oktoba 2020 kwa dola milioni 16.5, kila mtu kati ya dola 5,000 na 24,700 kutegemea aliyopitia, polisi wakatoa tamko la kukiri hadharani, na rekodi za kukamatwa zikakubaliwa kufutwa. Waliolipwa ni waliokuwa na kumbukumbu na waliojaza fomu kwa wakati. Kuna watu wetu wengi huwa wanaogopa kujaza kwa kudhani kudai kutawaudhi uhamiaji. Kudai fidia sio kosa na hakuingii kwenye faili la ukaaji.

Mwisho rekodi. Shtaka likifutwa au ukiachiwa, alama zako za vidole na picha hazijifuti zenyewe, lazima uandike barua kwa kikosi kilichokushika kuomba ziharibiwe, na wao ndio wanawaandikia RCMP. Fanya hivyo kabla hujapanga safari ya Marekani kumtembelea ndugu Minneapolis au Houston, kwa sababu maafisa wa mpaka wa Marekani wanaona mfumo wa polisi wa Kanada na wakishanakili kwao barua ya Kanada haifuti cha kwao. Pia ile barua ya kuthibitisha kwamba zimeharibiwa iambatanishe kwenye ombi la uraia na la kazi inayotaka cheti cha polisi. Barua hiyo ikifika, nakala moja kwa wakili, moja kwa yule mtu wako wa nyumbani, ya asili weka pamoja na makaratasi yako ya uhamiaji.